Huenda

Mimi ndiye niliyeshika kijiko.
Wiki kumi na moja, Simbo, kaya arobaini na moja,
mvua ikinisukuma kutoka kizingiti hadi kizingiti,
daftari kwenye mfuko wa nailoni, kalamu shingoni kwa kamba.
Jana mlikula nini? Mafuta kiasi gani?
Kijiko hiki, au hiki?
Nikapima kisamvu cha watu, nikapima maharage,
nikawapima wenyewe wamevua viatu.
Bi Edesia Ntakije akagoma kuvua kitenge cha pili,
nikaandika pembeni: *kitenge, gramu mia nne.*

Tulikuwa waangalifu kiasi hicho.
Hata kitenge tulikitoa kwenye hesabu.

Daktari Hamenya akaandika kurasa hamsini na tatu.
Sentensi moja alikaa nayo siku mbili,
akaifuta, akairudisha, akaionja
kama mtu anayeogopa kuharibu mchuzi wa wageni:
*Huenda, kwa baadhi ya watu wazima wa kaya hizi,
mawese yaliyochemshwa tena na tena
yana uhusiano na shinikizo la damu.
Sababu haijathibitika.*
Nililipenda lile huenda.
Neno dogo, lenye uti wa mgongo.

Ripoti ikapanda treni.
Sijui neno liliangukia wapi,
Uvinza, au usiku pale Tabora
abiria wakigombea asali dirishani.
Nilichojua ni kwamba Jumatatu, saa moja asubuhi,
kinyozi wa Mwanga aliongeza sauti ya redio, wembe hewani:
MAWESE YANAUA, WANASAYANSI WATHIBITISHA.

Yanaua.
Haikusema nani. Haikusema lini.
Haikusema yamechemshwa mara ngapi.
Kitenge ndiyo kabisa.

Alhamisi, kituo kile kile, sauti ile ile ya maziwa:
MAWESE, TIBA YA MACHO ILIYOFICHWA.
Utafiti mwingine, nchi nyingine,
panya kumi na wanane.

Kati ya Jumatatu na Alhamisi
Bi Edesia aliuza madumu manne kwa nusu bei
kwa kijana wa pikipiki anayewapelekea wapika sabuni.
Ijumaa bei ikapanda.
Wapika sabuni hawakuonja hata tone.
Kijana ameezeka bati.

Simlaumu mtangazaji. Ana dakika mbili tu,
na mwenye kituo anataka watu washtuke
kabla ya tangazo la juisi ya kuyeyusha kitambi.
Simlaumu,

hapana, namlaumu.
Hu-e-nda. Silabi tatu.
Hata mwenye kigugumizi
angelimaliza kabla ya juisi.

Nilimkuta sokoni ameinamia dumu la tano.
Kulikuwa na baridi, mawese yameganda shingoni mwa dumu,
akiyachokonoa kwa kijiti.
"Wewe si ndiye wa kijiko?"
Ndiye.
"Nilikuvulia viatu. Ukaenda kuniandika muuaji."
Nikamwambia, mama, hatukuandika hivyo,
tuliandika huenda.
"Huenda?" Akafuta faneli kwa upindo wa kitenge,
kile kile, cha gramu mia nne.
"Huenda wapi?"

Nilikuwa na kurasa hamsini na tatu za kumjibu
na mteja alikuwa amefika.

Hatua tatu kutoka kwake kuna mwanamke anayekaanga migebuka.
Kikaango chake nakijua: mafuta ya juzi
juu ya mafuta ya wiki iliyopita,
meusi, yanatoa moshi, yananung'unika.
Hayo ndiyo tuliyoyaandika. Hayo tu.
Hakuna aliyemwambia, na foleni yake ilikuwa ndefu,
na mimi nilikuwa sijala tangu jana.

Nikapanga foleni.
Akanichagulia mmoja mnene, akakung'uta mafuta,
akanifungia kwa ukurasa wa afya.