Lala Chini

Kiswahili nilifundishwa kwa filimbi na kiboko,
miezi tisa, kichwa kimenyolewa.
Nyumbani Soroti tunasema Kiteso:
kwa Kiteso napanda mtama, nagombana na jirani,
kwa Kiteso nilimposa Asekenye.
Usingizi wangu tu ndio uliobaki jeshini.

Saa nane za usiku bati likipoa hulia, ta!
nami niko Mogadishu, barabara ya uwanja wa ndege,
napaza sauti: Lala chini! Lala chini!

Miaka miwili mke wangu alinijibu kwa upole,
"Nimelala, baba Ikwap. Nimelala."
Alijua hilo neno moja.
Alidhani namhimiza apumzike.

Sikumsahihisha. Ningeanzia wapi?
Kwa Ojilong, aliyechelewa kulala?

Alhamisi moja, kituoni, muuguzi aliniuliza tangu lini,
nikamjibu kwa lugha ileile iliyonijeruhi,
maana kwa Kiteso sina jina la kitu hicho.
Asekenye alikaa benchini kimya,
akiokota maneno yangu
kama karanga zilizosahauliwa na jembe.

Sijapona. Nameza vidonge, naruka siku, narudi.
Bati bado linalia.
Ila juzi, nilipopiga kelele,
aliketi, akawasha tochi,
akasema, Kiswahili chake kikichechemea:
"Zamu yako imekwisha, afande.
Lindoni niko mimi."

Nikalala.
Chini, sakafuni, viatu miguuni,
lakini nikalala.