Nafasi za Kujaza

Jumapili hapa Daegu huanzia kwenye maegesho.
Vijana wa glavu nyeupe wanaelekeza magari
utadhani wanapanga foleni ya kuingia mbinguni.
Ibada tano. Skrini tatu. Mkahawa ghorofa ya chini,
na kahawa yake ni nzuri, sitasema uongo.

Mimi ni mchungaji wa darasa la ufuasi:
wiki kumi na mbili,
kitabu cha mazoezi chenye nafasi za kujaza.
*Mfuasi ni mtu ambaye* . . . . . . .
Wanajaza kwa penseli, kwa mwandiko safi.
Mwisho tunapiga picha, tunagawa vyeti.
Bwana Kwon alikitia chake fremu,
akakitundika dukani, juu ya mashine ya kadi.

Mwezi wa pili mzee Pyo alilazwa,
mapafu yamejaa maji, hana mtoto wa karibu.
Nikawaandikia wahitimu kwenye kundi la simu:
nani atakesha naye, usiku mmoja tu?
Themanini na sita walisoma.
Niliziona alama zikiwaka, moja, nyingine, nyingine.
Wakatuma vikatuni vya mikono inayoomba.
Mmoja aliuliza kama hospitali ina maegesho.

Siwalaumu. Nilivyowalea ndivyo walivyokua.
Niliwafundisha kujaza nafasi,
sikuwafundisha kubaki.
Na mimi mwenyewe usiku ule nilikuwa na mahubiri ya kuandaa,
juu ya msalaba.

Aliyekwenda ni Maeng Ok-bun,
yule anayesugua masufuria ya supu jikoni kwetu.
Darasani alifika mara mbili, mara zote akasinzia;
kitabu chake nilikikuta kabatini, cheupe pe.
Asubuhi alikuwa kwenye kiti cha plastiki
akimkata mzee kucha za miguu,
vipande akivikusanya juu ya risiti ya basi.

Nani alikufundisha?
Akanitazama kama mtu aliyeulizwa
nani alimfundisha kumeza mate.
"Mama mmoja tuliyepanga naye zamani.
Kila alikokwenda alinichukua.
Hakuwa msemaji. Shika beseni, alisema. Basi."

Leo wapya arobaini wamejiandikisha.
Vitabu vimefika, vinanukia wino.
Nimeviacha ndani ya katoni.
Nimesimama mlangoni mwa jiko,
mikono mifukoni, tai shingoni,
sijui pa kuanzia;
naye bila kugeuka
ananisogezea beseni kwa mguu.