Dirisha Nililoliacha Wazi

Nakiri: ni mimi.
Mwezi wa sita, mjini Taltal, jangwa linapogusa bahari
na mvua ni habari ya waliowahi kusafiri,
niliacha wazi dirisha la chumba cha tatu
kwa ajili ya sigara moja. Na Daktari Eduvigis Marambio
alikataza sigara, alikataza dirisha,
alikataza hata chafya karibu na kioo.

Kazi yenyewe, kwa asiyeijua:
unamimina uji wa plastiki juu ya kioo,
mzito, mng'avu, wenye harufu ya kupasua kichwa;
unavuta kisu cha chuma kwa mkono usiotetemeka,
unabaki na tabaka la unene wa nywele mbili;
kisha upesi, kioo chote majini.
Nimeliona mara elfu, na bado nabana pumzi:
kilichokuwa wazi kinapauka, kinakuwa cheupe,
kama uso wa maziwa yapoayo ukiyapa kisogo.
Utando.
Juu yake tutalaza ngozi nyembamba zaidi,
ikae kati ya bahari na kikombe,
iyaambie maji: piteni;
iiambie chumvi: wewe, papo hapo.

Lakini tando zetu zilipasuka.
Wa kwanza hadi wa mia na kumi na sita.
Pampu ikifika baa arobaini, pu!
na Eduvigis hufumba jicho moja, lile la kushoto.
Hadubini ilitueleza: ndani mna mashimo marefu,
yamesimama kama vidole vya glavu tupu.
Kidole kitupu hakizuii bahari.
Akabadili kisu. Akabadili joto la maji,
akabadili wauzaji wa plastiki.
Akaacha kubadili nguo.

Huko kilimani kwa dada yangu Herminda
lori la maji huja Alhamisi, likija.
Maji yaliyoosha saladi huosha sakafu,
yaliyoosha sakafu hunywesha mzeituni,
na mzeituni, wa watu wote, ndio haulalamiki.

Basi siku ile ukungu ukapanda kutoka pwani,
ule tunaouita kamanchaka, usionyesha, usioaga,
ukaingia dirishani ukakaa juu ya kioo
dakika mbili, nikihangaika kuficha kichungi cha sigara.
Nikauzamisha utando. Wa mia na kumi na saba.
Daftarini nikaandika: *Hali: kawaida.*

Jumanne tukaubana. Arobaini. Hamsini.
Hamsini na tano, na pampu ndiyo iliyochoka.
Kwenye hadubini hakuna vidole,
ni sifongo tupu, kama nyama ya mkate.
Eduvigis alicheka, sikujua kama ana meno ya pembeni.

Halafu, urudie.
Wa mia na kumi na nane: pu.
Wa mia na thelathini: pu.
Wiki tatu akisoma mstari wangu wa uongo,
*kawaida, kawaida*, akiutafuta ulipojificha,
nami nikimletea kahawa kama mtu mwema.

Nilisema usiku, tukisuuza vioo.
Hakunitukana. Alisuuza kimoja, akakisuuza tena.
Kisha akaenda akafungua dirisha.
Nje, nyota zote. Hakuna ukungu hata wa kufuta miwani.
Tukavuta viti, daktari wa kemia na fundi wake,
tukaukodolea macho ufuko
kama wenye nyumba waliochinja na mgeni hajafika.

Katika makala imeandikwa: *unyevu asilimia themanini na nane,
sekunde mia na ishirini.* Sigara haimo.
Lakini daftarini neno langu limekatwa kwa wino mwekundu,
na chini yake, kwa mwandiko wake: *Dirisha wazi.*

Chupa ya kwanza nilimpelekea Herminda.
Akanywa amesimama. Akafikiri.
"Hayana ladha," akasema,
akanyoosha mkono kwenye kopo la chumvi.