Asiyedaiwa Hajulikani

Halvor, leo nimekopa.
Usigeuke huko uliko, chini ya theluji ya futi mbili.
Ni dola ishirini na sita tu:
petroli ya pikapu na mfuko wa mbegu za ndege.

Ulizoea kusema kukopa harusi, kulipa matanga.
Mimi nimeanzia kwenye matanga.

Novemba tanuri la nyumba lilikufa,
likakohoa mara tatu, kama wewe, likanyamaza.
Fundi wa Minot akasema elfu nne na mia mbili,
lakini utalipa polepole, mama, ngoja nitazame jina lako.
Akalitazama.
Kompyuta ikamjibu: hakuna.
Si kwamba jina ni baya.
Hakuna.

Miaka sitini na mitatu, Arvella Kjelstad,
nimezaa watatu, nimezika mmoja,
sijala senti ya mtu,
na mashine haijapata kunisikia.

Nyumba jina lako. Simu jina lako. Umeme, jina lako.
Trekta tulilinunua kwa noti za kopo la kahawa,
muuzaji akazinusa, akacheka,
nasi tukarudi nyumbani vichwa juu: hatudaiwi!
Kumbe asiyedaiwa hajulikani.

Kwenye chama cha akiba na mikopo
nilimkuta binti wa Brekke, yule mdogo, Tenley,
aliyewahi kutapika kwenye zulia letu siku ya Krismasi.
Sasa ana meza yake na kalamu iliyofungwa mnyororo.
Akaniambia weka amana, dola mia tatu,
upewe kadi ya mia tatu.
Nikamuuliza: yaani nijikopeshe fedha zangu mwenyewe?
Akasema ndiyo, kwa kuanzia.
Usitumie zaidi ya thelathini.
Lipa yote, kabla ya tarehe kumi na saba, kila mwezi.
Halafu?
Halafu usubiri.

Amana. Nilisema neno hilo njiani kutwa,
amana, imani, amini,
watoto wa tumbo moja,
na mimi mgeni mlangoni kwao.

Kadi naiweka kwenye kopo lako la kahawa.
Inanuka kama sisi.

Februari dhoruba ilifunga barabara tarehe kumi na sita.
Nilisimama dirishani na koti lako, hundi mkononi,
nikiitazama posta nisiyoiona.
Dola kumi na tisa, Halvor! Nilitetemeka
kama mwizi wa kuku.
Mwishowe nikapiga simu, nikabonyeza namba nilizoambiwa,
na sauti isiyo na mtu ikanishukuru.
Nikaishukuru nayo. Nilikuwa sijaongea tangu Jumapili.

Mwezi wa saba jina langu likapata namba:
mia sita sitini na nane.
Nikamuuliza Tenley, hiyo ni ngapi kwa ngapi?
Akasema si haba.
Nikampigia Signe kule Fargo, akasema, mama, yangu ni ndogo kuliko hiyo,
na usimwambie mume wangu.

Jana, nikitafuta kadi, nimekuta chini ya kopo
karatasi ya mwaka tuliooana, mwandiko wa Orrin Dokken:
*Nyasi kavu, marobota arobaini. H. Kjelstad. Amelipa.*
Ng'ombe watano walipona kwa nyasi zile.
Hukuniambia.
Ulikopa, ukalipa kabla theluji haijayeyuka,
na Orrin, mpaka anakufa, hakukuita kwa jina lingine
ila "yule Kjelstad anayelipa."

Basi ulikuwa nayo, historia yako,
ilikaa kichwani mwa jirani
na ilikwenda naye kaburini.
Yangu wanaiandika watu nisiowajua, mji nisioujua.

Fundi anakuja Alhamisi kupima tanuri jipya.
Miezi arobaini na minane, kwa jina langu.
Naogopa, sikufichi.
Nitakuwa na miaka sitini na minane
nitakapolimaliza, nikijaaliwa.

Ndege wamemaliza mbegu.
Leo ni tarehe kumi na tano.