Kusoma Midomo

Ukumbi namba nne ulikuwa na mashine themanini.
Ukipiga kelele humo, kelele yako ilisagwa
kama punje iliyoangukia kinuni.
Kwa hiyo sisi wafumaji wa Łódź tulijifunza kusema bila sauti:
midomo mikubwa, meno nje, nyusi zikisaidia.
Ndivyo Halszka alivyonieleza ana mimba,
mita kumi kutoka kwangu, kati ya mtande na mshindio,
nami nikalia huku nikiunga uzi.

Miaka ishirini na sita.
Kisha mwezi Machi umeme ukazimwa
tukasimama tumeshika masikio.
Hakuna aliyekuwa ametuambia kwamba kimya kinauma.

Mshahara wa mwisho walitulipa taulo.
Sitini. Za buluu, zenye nembo ya kiwanda pembeni.
Nilizitandaza sokoni Bałuty juu ya kitanda cha kukunja,
na kila aliyekaa mbele yangu
alikuwa akiuza taulo zile zile za buluu.

Kijana wa ofisi ya ajira alichonga penseli, akauliza,
"Mama, unajua kufanya nini?"
Nikamwambia: kati ya mashine ishirini na nne
naijua kwa nyayo ile ambayo uzi wake umekatika.
Akaandika: hana ujuzi.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame.
Basi nikainama. Nikapewa ndoo, dekio,
na sakafu ya wodi ya mahututi, zamu ya usiku.
Zdzisław, mume wangu, hakuinama.
Kila jioni aling'arisha viatu vyake vya kazini
akavipanga mlangoni, pua zikitazama nje.
Asubuhi aliviruka, akaenda kununua gazeti.

Kitanda cha tatu palikuwa na mzee mwenye mpira kooni.
Madaktari walimwinamia wakikisia:
Maumivu? Maji? Padri?
Akatikisa kichwa mpaka machozi yakamtoka.
Mimi nilikuwa chini ya dirisha, nakamua dekio.
Nikainua macho, na midomo yake ikasema,
wazi kama ya Halszka:
mbwa. Nani anamlisha mbwa?

Nikajifuta mikono, nikawaambia.
Mara ya kwanza hakugeuka mtu;
nani husikiliza ndoo?
Nikarudia.
Mzee akafumba macho, kifua chake kikashuka
taratibu, kama mashine mwisho wa zamu.

Tangu usiku ule huniita.
"Bogumiła, njoo, wa saba anasema nini?"
Mmoja alitaka soksi.
Mmoja alinituma nimtukane shemejiye;
nilifikisha ujumbe, nikapunguza chumvi.
Mmoja hakutaka kitu, alikuwa akihesabu tu,
nami nikahesabu naye hadi mia mbili na nne.
Kwenye karatasi ya mshahara bado imeandikwa: msafishaji.
Nimeuliza mara mbili. Wanasema wataangalia.

Sitawaambia baada ya dhiki faraja.
Halszka alikwenda Ujerumani kuchuma stroberi,
binti akabaki kwa bibi yake.
Kwao ilikuwa dhiki, kisha dhiki yenye stempu.

Jana alfajiri nilimkuta Zdzisław jikoni,
amenipa mgongo, anakata mkate.
Nikaiona midomo yake kwenye kioo cha dirisha,
inasema neno moja, inarudia, bila sauti.
Miaka miwili nilidhani anatafuna.
Naona aibu, ilisema. Naona aibu.

Nikasogea mpaka akaniona kwenye kile kioo,
nikamjibu kama tulivyojibizana ukumbini:
chumba cha kufulia cha hospitali
kinatafuta mtu wa kubeba mashuka.

Akageuka, kisu mkononi, akanikodolea macho.
"Unasemaje? Sema kwa sauti."

Nikasema kwa sauti.