Unyaufu

Nimeketi benki, Mtwara mjini,
kiti cha pili kutoka feni.
Nimetoka Tandahimba na gari la saa kumi alfajiri;
sikuja kuweka, sikuja kutoa,
nimekuja kuuliza.

Somoe anakwenda Pune kusomea dawa.
Kijana Kaijage amenipangia kadi mbili mezani
kama muuza vitenge.
Hii ya bluu, mzee, ina ada:
asilimia tatu na nusu kila shilingi ikigeuka rupia,
na elfu tisa kila mashine ikitema noti.
Hii ya kijani haina ada. Haina kabisa.
Akatabasamu. Meno yake hayana kosa.

Nikamwomba kalamu.
Miaka ishirini na sita nilikuwa karani wa mizani
kwenye ghala la chama cha msingi;
nikisikia "bure", kidole changu hutafuta jiwe la kupimia.

Rupia moja leo, kwa bei ya Benki Kuu, shilingi ngapi?
Thelathini na moja.
Na kadi yako ya kijani itamuuzia kwa ngapi?
Akageuza kompyuta, akakuna sikio.
Thelathini na tatu.

Nikaandika nyuma ya stakabadhi ya korosho:
rupia elfu kumi, pango la chumba kwa mwezi.
Kijani, laki tatu na thelathini elfu.
Bluu, laki tatu na kumi elfu,
ongeza elfu kumi mia nane na hamsini,
ongeza zile tisa za mashine.
Zinapishana shilingi mia na hamsini.
Andazi moja, tena si la kushiba.

Nikacheka mpaka mlinzi akageuka.
Kilo kumi za daraja la kwanza, kwa bei ya mnada wa mwisho,
zinaliwa na kadi yoyote nitakayochukua:
moja inakula sebuleni,
nyingine inakula jikoni na kufuta mdomo.

Ya kijani naijua. Kwetu inaitwa kangomba.
Mtu anakuja na bakuli lake mwezi wa njaa,
hadai ushuru, hadai chochote,
ila bakuli lina tumbo.

Nipe bluu, nikasema.

Somoe nitamwambia:
usitoe kidogo kidogo kama anayeonja mchuzi.
Elfu tisa haijali umetoa nyingi au chache,
kwa hiyo toa za mwezi mzima, ufiche kwenye soksi.
Na mashine ya dukani ikikuuliza kwa upole
ulipe kwa shilingi ya kwenu au kwa rupia,
usidhani wamekukumbuka nyumbani.
Bonyeza rupia.
Shilingi yetu ugenini huketi karibu na mlango,
na bei yake hupangwa na mwenye nyumba.

Kaijage akauliza, hesabu hizi ulisomea wapi, mzee?

Nikatazama feni.

Msimu mmoja Bi Nantende wa Kitama
alileta magunia manne kwa baiskeli ya mkwewe.
Nilimkata kilo mbili kila gunia.
Unyaufu, mama, nilimwambia,
korosho zikilala hukauka.
Zilikuwa zimekwisha kukauka.
Zilikuwa zikilia kama njuga.
Hakuuliza. Alifunga karatasi yangu kwenye pindo la kanga,
akanishukuru,
akanitaja kwa jina la marehemu baba yangu.

Kazini, nikamjibu Kaijage.

Akanionyesha pa kutia sahihi, penye alama ndogo ya msalaba,
chini ya maandishi madogo kama chawa.
Nilivaa miwani nikayasoma yote,
kisha nikayasoma tena,
na watu nyuma yangu kwenye foleni wakaanza kuguna.