Kabla ya Kufukia

Mara ya kwanza Bi Harju alikuja na futi kamba,
akashuka mtaroni na buti zake za mpira.
Futi tano, akasema. Huku Duluth
baridi huchimba kuliko sisi.
Akagusa nondo kwa ncha ya buti:
"Hii imelala udongoni. Inyanyue."
Lori la zege lilikuwa limeshafika, linazungusha tumbo.
Nikalirudisha. Nikalipa.
Nikamtukana kimoyomoyo.

Mara ya pili, kuta: lami, kokoto,
bomba lenye matundu la kutoa maji.
Alimwaga ndoo nzima, akachuchumaa,
akayasikiliza yakishuka.
Sahihi.

Ya tatu, mabomba ya choo, kabla ya sakafu.
Dakika nne. Hata chai hakunywa.

Na kila alichokikagua, kesho yake tulikizika.

Februari, usiku, barafu ya ziwa inapasuka
kwa mlio wa bunduki. Signe anashtuka:
"Ni nyumba?"
Nateremka na tochi, napapasa ukuta.
Mkavu. Hauna ufa.
Kwenye msumari, kadi ya njano,
sahihi tatu za mwanamke aliyeyaona
haya yanayotubeba
tusiyoyaona tena.